Mwanangu, angalia nani anashika muhuri

Mwanangu,

Umeniuliza kipi huzaa udikteta, dini au kumkana Mungu. Wanaobishana juu ya hilo kila upande una maiti zake za kuhesabu, na ubishi hauishi. Weka kando kwanza imani ya mtawala, usome makaratasi yake: nani anamteua kiongozi wa ibada, nani anaweka orodha ya waumini, na anayetoka anatozwa nini.

Anzia Hispania. Franco, dikteta wake, alikuwa Mkatoliki, na sarafu zake zilimtaja kuwa kiongozi "kwa neema ya Mungu". Kwa mapatano ya 1941, kiti cha askofu kikibaki wazi, serikali na balozi wa Papa walikubaliana kwa siri majina yasiyopungua sita. Papa alichuja yakabaki matatu, kisha Franco akateua mmoja. Sasa nenda China, ambako mwanachama wa chama tawala haruhusiwi kuwa na dini. Mwaka 2007 idara ya mambo ya dini ilitoa kanuni kwamba lama, yaani kiongozi wa dini ya Kibuddha wa Tibeti, hatambuliwi kuwa amezaliwa upya mpaka serikali itoe kibali. Yaani ofisi isiyoamini uhai wa pili ndiyo inayogonga muhuri nani amerudi duniani! Mtu anayesikilizwa na maelfu bila kuteuliwa na dola ni mamlaka nyingine, na dikteta, mcha Mungu au mkana Mungu, hataki mwenzake.

Orodha ndiyo inayouma zaidi. Sheria ya Kisovieti ya Aprili 1929 ilitaka watu wazima 20 wajiandikishe ndipo wapewe jengo la ibada. Wakishajiandikisha, walibaki na sala tu. Kusaidia maskini, kufungua maktaba, kukutanisha watoto, vijana au wanawake, vyote vilikatazwa. Imani iliachwa kichwani, ila kila kinachowaunganisha watu kikakatwa, na serikali ikabaki na majina ya wale 20. Sensa ya 1937 ikathubutu kuuliza dini, na zaidi ya nusu ya wenye miaka 16 na kuendelea waliojibu swali hilo wakasema wanaamini. Matokeo yakafungiwa, wakuu wa sensa wakakamatwa, wengine wakauawa. Ile ya 1939 haikuuliza tena. Mwaka 1943, vita vikiwa vimepamba moto, Stalin akawaita Kremlin maaskofu wakuu watatu na kuruhusu Patriaki, mkuu wa Kanisa la Othodoksi la Urusi, achaguliwe. Usidhani alikuwa ameokoka. Kanisa lilipewa baraza la kulisimamia, na mwenyekiti wake alikuwa ofisa wa usalama wa taifa.

Iran mchujo umepanda hadi kwenye kura yenyewe: Baraza la Walinzi, watu 12, nusu yao wanazuoni walioteuliwa na Kiongozi Mkuu, huamua nani agombee. Uchaguzi wa rais wa 2021 walijiandikisha 592, wakapitishwa 7.

Hapo utanipinga kwa mfano wa Uingereza, na utakuwa na haki. Mfalme ndiye anayewateua maaskofu wa Kanisa la Uingereza, na 26 kati yao wana viti katika Bunge la Malodi. Lakini anayeliacha kanisa hilo hapotezi mirathi, ndoa wala watoto, na kosa la kukufuru lilifutwa 2008. Basi muhuri peke yake hautoshi kukuambia kitu. Uliza bei ya kutoka. Albania ya 1977, dola iliyomkana Mungu, propaganda ya dini ilikuwa kifungo cha miaka 3 hadi 10. Saudi Arabia, mwaka 2014, kanuni za wizara ya mambo ya ndani ziliweka kulingania ukanaji Mungu katika fungu la ugaidi. Badilisha neno moja tu, kifungu kitatumika nchi zote mbili.

Hata jina "mkana Mungu" hutegemea nani anaita. Warumi waliwaita hivyo Wakristo wa mwanzo, kwa kuwa walikataa miungu ya dola. Mwaka 250 Kaisari Decius aliamuru watu watoe kafara mbele ya maofisa, wapewe cheti chenye sahihi. Baadhi ya vyeti hivyo, vilivyoandikwa kwenye mafunjo, vimefukuliwa Misri.

Mzazi wako