Mwenye kisukari akianza dozi ya H. pylori, sukari yake ipimwe kila siku

Mhariri,

Kuna madai yanayosambazwa kwenye simu kwamba kisukari kisichotulia chanzo chake ni H. pylori, bakteria wa vidonda vya tumbo, na kwamba mtu akimeza dozi ya kumuua sukari itashuka aachane na dawa zake. Tunaomba nafasi tueleze lipi ni kweli katika hilo, na kwa nini siku 14 za dozi hiyo zinaweza kumwangusha mgonjwa wa kisukari asiyesimamiwa.

Bakteria huyu alitambuliwa mwaka 1982 na Barry Marshall na Robin Warren huko Perth, Australia, na mwaka 2005 wakapewa Tuzo ya Nobel kwa kazi hiyo. Karibu nusu ya watu duniani wameishi naye, na Afrika ni zaidi ya hapo. Wengi humpata utotoni, nyumbani kwao. Kwa hiyo ukiwapima wagonjwa wa kisukari wa mji wowote wa Afrika Mashariki utawakuta wengi wanaye, na ukiwapima majirani zao wasio na kisukari utawakuta wengi wanaye vilevile. Kukutwa naye peke yake hakuthibitishi kwamba ndiye aliyeleta sukari.

Uhusiano upo, lakini ni mdogo. Bakteria akikaa miaka mingi, ukuta wa tumbo huwa na uvimbe usiokwisha, na kemikali zinazotolewa na kinga ya mwili huingia kwenye damu na kuufanya mwili usiitikie insulini vizuri. Tafiti nyingi zimekuta wenye kisukari cha aina ya pili walioambukizwa wana HbA1c, yaani kipimo cha wastani wa sukari wa miezi miwili hadi mitatu, iliyo juu kidogo kuliko wasioambukizwa. Walipotibiwa na kupimwa tena majibu yaligawanyika: baadhi ya tafiti ziliona kushuka kidogo, nyingine hazikuona badiliko lolote. Metformini, dawa ya kawaida ya kisukari, peke yake inaweza kuitoa HbA1c kwenye asilimia 8.5 hadi 7.5 au chini ya hapo. Dozi ya H. pylori haijawahi kuonyesha nguvu hiyo kwa uhakika, na hakuna sababu ya kuacha dawa ya sukari kwa ajili yake.

Kuna jambo moja linalowapotosha hata wataalamu. H. pylori hupunguza madini ya chuma mwilini, ama kwa kidonda kinachovuja damu polepole, ama kwa kuharibu ufyonzaji wake tumboni. Mtu mwenye upungufu wa damu wa aina hiyo HbA1c yake inaweza kusoma juu kuliko sukari yake halisi. Akitibiwa bakteria na kupewa vidonge vya chuma, damu inarudi na HbA1c inashuka, hali sukari ya kila siku haikubadilika. Ndiyo maana kabla ya kusifu au kulaumu dozi yoyote, wingi wa damu upimwe pamoja na HbA1c, na majibu yalinganishwe na sukari ya kidoleni. Mwenye selimundu asitegemee HbA1c kabisa.

Kipimo nacho kina makosa yake. Kile cha tone la damu chenye mistari miwili hutafuta kingamwili, ambazo hubaki mwilini miezi mingi, hata miaka, baada ya bakteria kufa. Watu wanarudia dozi mara tatu au nne kwa sababu ya mstari ambao hautafutika. Kipimo cha kinyesi kinachotafuta chembe za bakteria mwenyewe, au kile cha pumzi, ndicho kinachosema kama yupo leo. Lakini omeprazoli na ndugu zake, yaani dawa za kupunguza asidi ya tumbo, lazima ziachwe wiki mbili kabla, na antibiotiki wiki nne, la sivyo jibu linaweza kuwa hasi na bakteria yumo. Aliyewahi kutapika damu asiache omeprazoli bila kumwona daktari.

Sasa dozi yenyewe. Inayotumika sana ni omeprazoli 20 mg, amoksilini gramu 1 na klarithromaisini 500 mg, zote asubuhi na jioni kwa siku 14. Omeprazoli inywewe nusu saa kabla ya kula. Mwenye mzio wa penisilini asiguse amoksilini, na mara nyingi hupewa metronidazoli badala yake. Huyo asinywe pombe hadi siku tatu zipite baada ya kidonge cha mwisho.

Hatari kubwa iko kwenye klarithromaisini ikikutana na glibenklamidi, dawa ya sukari ya bei nafuu inayotumiwa na wazee wengi. Klarithromaisini huongeza kiasi cha glibenklamidi kinachoingia kwenye damu, na sukari huporomoka, mara nyingi ndani ya wiki ya kwanza. Mzee mwenye figo dhaifu ndiye aliye hatarini zaidi. Dawa nyingine za kundi hilo, kama glimepiridi na gliklazidi, nazo zahitaji uangalifu. Daktari anaweza kupunguza kipimo cha dawa ya sukari kwa siku hizo, au kuchagua dozi isiyo na klarithromaisini, ile ya bismathi, tetrasaikilini na metronidazoli pamoja na omeprazoli. Bismathi hufanya choo kiwe cheusi, na hilo lisimtishe mgonjwa. Choo cheusi cha kunata kama lami kwa asiyetumia bismathi wala vidonge vya chuma ni dalili ya kuvuja damu, aende hospitali siku hiyohiyo. Anayetumia simvastatini kwa ajili ya mafuta ya damu aisimamishe wakati wa klarithromaisini, maana zikiwa pamoja zinaweza kuharibu misuli. Na anayetumia amlodipini ya presha amjulishe daktari.

Dawa hizi pia huleta kichefuchefu na ladha ya chuma mdomoni, hata mtu akashindwa kula. Anayejidunga insulini au kumeza glibenklamidi kisha asile, sukari itashuka. Apime asubuhi kabla ya kula, kabla ya chakula cha jioni na kabla ya kulala. Kama vijiti vya kupimia ni vichache, asikose asubuhi na kabla ya kulala. Akisoma chini ya 4.0 mmol/L, au akitoka jasho, akitetemeka au akichanganyikiwa, anywe vijiko vinne vya chai vya sukari vilivyokorogwa kwenye maji, apime tena baada ya dakika 15, na arudie kama bado iko chini. Ikipanda, ale chakula. Asiyeweza kumeza asinyweshwe chochote, apelekwe hospitali. Sukari iliyoshushwa na glibenklamidi hata ikipanda inaweza kuporomoka tena saa kadhaa baadaye, kwa hiyo mgonjwa huyo akaangaliwe hospitali hata kama ameamka na anaongea. Anayetapika au kuharisha sana asimamishe metformini kwa muda na amwone daktari. Insulini asiiache yote kwa uamuzi wake.

Na si kila tumbo la mwenye kisukari ni H. pylori. Metformini yenyewe huleta gesi na kuharisha, hasa ikimezwa bila chakula. Kisukari cha miaka mingi huharibu mishipa ya fahamu ya tumbo, chakula kikachelewa kushuka, mtu akashiba kwa matonge machache na kutapika alichokula saa nyingi zilizopita. Huyo sukari yake hupanda na kushuka bila mpangilio, na antibiotiki hazitamsaidia. Maumivu ya chembe ya moyo yanayokuja ghafla na jasho au kukosa pumzi yanaweza kuwa ya moyo. Asinywe dawa ya vidonda akalala.

Wiki nne baada ya kumaliza antibiotiki, na omeprazoli ikiwa imeachwa kwa wiki mbili, kipimo cha kinyesi au cha pumzi kirudiwe, kwani kwa wenye kisukari dozi hushindwa mara nyingi zaidi kuliko kwa wengine. Ikishindwa, isirudiwe ileile; antibiotiki zibadilishwe.

Kwa wenye maduka ya dawa tunaomba jambo moja: kabla ya kutoa dozi hii, mwulizeni mteja kama ana kisukari na anatumia dawa gani. Akitaja glibenklamidi au insulini, msimuuzie bila cheti cha daktari anayejua kuhusu sukari yake.

Wafamasia, Morogoro