Maandalizi ya Jumamosi: trei za mayai na vifuniko

Habari zenu wanakikundi. Jumamosi watoto wa miaka 6 na 7 watajifunza kujumlisha kwa kuvuka kumi, na vifaa vyote vitatoka kwenye vifungashio vilivyotumika.

Kila mmoja alete trei 1 ya mayai 30 na vifuniko 20 vya plastiki vya chupa za soda au maji, 10 vya rangi moja na 10 vya rangi nyingine. Trei ina safu 6 za vishimo 5. Ukikata kila baada ya safu 2, unapata vipande 3 vya vishimo kumi kumi. Tafadhali msikate vya 12, zoezi lote limesimama juu ya kumi. Kwa 8 + 5, mtoto anaweka vifuniko 8 vyekundu, anajaza vishimo 2 vilivyo wazi kwa vya bluu, na vile 3 vinavyobaki vinahamia kipande cha pili. Anaiona 13 kabla hajaiandika.

Trei za karatasi haziosheki, na mayai mabichi huweza kuacha bakteria wa salmonela, kwa hiyo yenye doa lolote itupwe. Za plastiki zioshwe kwa maji ya moto na sabuni, zikauke kabisa. Watoto wanawe mikono baada ya zoezi.

Vifuniko vya bati visije, kingo zake zinakata. Na wadogo zao wa chini ya miaka 3 wasikae mezani: kifuniko kinaweza kuwakaba.