Mwanangu, kilomita 21 hazidanganyiki

Mombasa

Mwanangu mpenzi,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Umeuliza kwa nini mtu ajisumbue na nusu marathoni, na medali hupewa kila anayemaliza. Jibu limo ndani ya umbali wenyewe: kilomita 21 na mita 97 na nusu. Kilomita 5, kijana mwenye nguvu huzimaliza kwa ubishi tu. Hata 10 atajikokota afike. 21 hazikubali. Ukishapita ya 15 mwili hudai akiba, na kama hukuweka, utatembea. Na bado si marathoni kamili, ambayo hula wikendi za miezi mingi. Kwa anayeweza tayari kukimbia nusu saa bila kusimama, wiki 12 za siku 4 zinatosha.

Wewe unakaa kitini kutwa na makaratasi ya mizigo ya bandarini. Kwako hizo wiki 12 ndizo faida yenyewe, kuliko siku ya mbio. Moyo huzoea kusukuma damu nyingi zaidi kwa pigo moja, misuli hutumia sukari ya damu vizuri, presha hushuka, usingizi hushika.

Lakini Mombasa haikimbiwi kama Iten, ule mji wa wakimbiaji kule juu kwenye baridi. Tarehe 24 Machi 2007 mashindano ya dunia ya mbio za nyika yalifanyika hapahapa, kwenye uwanja wa gofu kando ya bahari. Kenenisa Bekele wa Ethiopia, bingwa aliyezoea kushinda mbio hizo, aliacha katika mzunguko wa mwisho, na Zersenay Tadese wa Eritrea akachukua dhahabu. Ikiwa joto la kaskazi lilimsimamisha Bekele, wewe usione haya kupunguza mwendo. Jasho hupoza mwili linapokauka. Hewa yetu ina unyevu mwingi, basi jasho hudondoka tu na joto hubaki ndani. Moyo nao unatakiwa kupeleka damu kwenye miguu na kwenye ngozi kwa wakati mmoja. Kwa hiyo anza masika yakiisha, kusi ikivuma, na uwe barabarani saa kumi na moja alfajiri. Mwili huhitaji siku 10 hadi 14 kulizoea joto. Kabla ya hapo usiamini saa, amini pumzi. Ukishindwa kusema sentensi nzima, umekimbia mno.

Jumanne na Ijumaa, kilomita 5 za pole. Jumatano 6, dakika 15 za katikati ukikaza kidogo. Jumapili ndiyo ndefu, na hiyo ndiyo roho ya kazi yote: 8, 9 na nusu, 11, kisha rudi 8, 12, 13 na nusu, 15, kisha rudi 10, 16 na nusu, 18, halafu 12, na wiki ya mwisho ni mbio. Usiziruke zile wiki za kurudi nyuma. Pumzi hujengeka upesi kuliko mifupa na kano, na hapo ndipo wengi huumia: wanajisikia wana nguvu, wanaongeza, kisha muundi unaanza kuuma upande wa ndani. Maumivu yakiwa mahali pamoja, ukibonyeza kwa kidole unayapata, na kila siku yanazidi, acha kukimbia umwone daktari. Huo unaweza kuwa ufa kwenye mfupa.

Barabara ya Mama Ngina, kando ya bahari, ni pazuri kwa siku za pole, na daraja la Nyali litakupa mlima ambao kisiwa hakina. Kimbia ukitazamana na magari, matatu za alfajiri hazina subira. Ufuo wa Nyali unavutia, lakini angalia maji kwanza. Siku za bamvua, yaani za maji makuu, mara nyingi huwa yamejaa alfajiri, ukabaki na mchanga laini wa juu ulioinama. Mguu mmoja hukaa chini kuliko mwingine, na goti hulipa.

Viatu vinunue jioni, miguu ikiwa imevimba kidogo, na uache upana wa kidole gumba mbele. Vya mtumba hapo soko la Kongowea vibonyeze soli. Ikiwa ngumu kama ubao, viache hata vikiwa vinang'aa. Paka mafuta mazito mapajani, kwapani na kwenye chuchu. Fulana ya pamba iliyolowa huchuna ngozi.

Jipime uzito kabla na baada ya kukimbia: kilo moja iliyopungua ni kama lita moja ya jasho. Kunywa kidogokidogo kila dakika 20, wala usijilazimishe maji matupu mengi, kwani huzimua chumvi ya damu na ni hatari. Lita moja ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko cha chumvi vinatosha. Kila dakika 40 kula tende tatu. Zijaribu Jumapili, usizijaribu siku ya mbio. Viazi karai na mbaazi za nazi viache usiku wa kuamkia mbio: mafuta hukawia tumboni, mbaazi hujaza gesi.

Ukihisi baridi au vinyweleo vikisimama juani, kichwa kikizunguka, simama papo hapo, tafuta kivuli, jimwagie maji na uite mtu.

Siku yenyewe, dakika 7 kwa kila kilomita zitakufikisha kwa saa 2 na dakika 28 hivi. Kilomita 5 za kwanza kimbia kwa 7 na robo hata watu wakikupita kwa makundi. Utawakuta.

Nipigie Jumapili ukimaliza zile 8 za kwanza, uniambie uzito umepungua kiasi gani.

Babako