Barua ya wazi kwa Waziri wa Uingereza: mruhusuni baba wa mwanangu aje ajifunzie Kiingereza huku

Mheshimiwa Waziri,

Nakusalimu kwa heshima. Miaka mitatu nimejizuia kukuandikia, nikijiambia serikali ina mengi, nisubiri. Alhamisi iliyopita subira ilinishinda. Mume wangu alinipigia simu kutoka Pangani, akanyamaza kitambo, kisha akasema, "Nimefeli tena, mke wangu."

Ni mara ya pili. Mtihani wenyewe ni wa kusikiliza na kuongea Kiingereza, ngazi ya chini kabisa, na asipoufaulu hapewi ruhusa ya kuja kuishi nasi. Aliulizwa hupenda kufanya nini siku za mapumziko. Mume wangu ni mvuvi, na siku asiyokwenda baharini anashona nyavu. Maneno aliyaelewa, ila hakujua ajibu nini, akabaki kumtazama mtahini. Kwa kimya kile, binti yetu wa miaka minne atamsubiri tena baba yake. Kila jioni hapa Leicester, Uingereza, huegemeza simu kwenye kopo la sukari, akaweka na kijiko kando yake. Nikimuuliza cha nani, ananijibu, "Cha baba."

Mheshimiwa, mimi mitihani yenu nimeifanya. Ule wa maisha ya Uingereza, maswali 24 kwa dakika 45, niliusomea usiku kwenye zamu, wazee ninaowalea wakishalala. Humo ndimo nilimokutana na habari ya mwaka 1714, na tangu Alhamisi hainitoki kichwani.

Malkia Anne alifariki Agosti mwaka ule bila kuacha mtoto. Sheria ya 1701 ya urithi wa taji ilikuwa imekwisha kuwaruka jamaa zake Wakatoliki zaidi ya 50, taji likaenda kwa mtawala wa Hanover, Mjerumani wa miaka 54. Kitabu chenu chenyewe cha mtihani huo kinasema mtawala huyo, Mfalme George wa Kwanza, hakujua Kiingereza vizuri, ndiyo maana aliwategemea sana mawaziri wake. Alizungumza nao Kifaransa. Mmoja wao, Robert Walpole, akapanda juu ya wenzake, na kuanzia 1721 akawa yule mnayemhesabu leo kuwa waziri mkuu wa kwanza. Kwa hiyo cheo cha mkuu wako wa kazi kilikua chini ya mfalme mgeni aliyepewa nafasi ya kutawala huku lugha ikimpiga chenga.

Sisemi kila mtu alimpokea kwa furaha. Siku ya kutawazwa kwake fujo zilizuka katika miji zaidi ya 20. Mwaka uliofuata watu wa Scotland waliotaka ukoo wa zamani urudi wakaasi, na Bunge likapitisha sheria kali: watu 12 au zaidi wakisomewa amri ya kutawanyika na saa moja ikapita hawajaondoka, adhabu yao ni kifo. Hofu ya mgeni haikuanza na sisi, hilo nalijua.

Lakini Bunge hilohilo lilijua kulegeza. Ile sheria ya 1701 ilimkataza mfalme kutoka nje ya nchi bila ruhusa ya Bunge. George alitaka kwenda kwao Hanover, na mwaka 1716 kifungu hicho kikafutwa. Handel naye, mwanamuziki Mjerumani, alipewa uraia mwaka 1727 kwa sheria ya Bunge. Simfananishi mume wangu na mfalme wala na Handel. Nakukumbusha tu kwamba mnaweza, kwa kuwa mlishaweza.

Sharti la kipato cha pauni 29,000 kwa mwaka, mliloliweka Aprili 2024, nimelifikisha kwa zamu za usiku na za Jumapili, na mgongo wangu ndio shahidi. Kilichobaki ni Kiingereza cha mtu anayeishi mahali ambapo hakuna anayeongea naye Kiingereza. Nahisi mtihani mliuweka ili mwenza asifike huku akajifungia ndani, hawezi hata kuongea na daktari. Kama nia ni hiyo, naiunga mkono kwa moyo wote. Ila kabla ya Novemba 2010 mwenza aliruhusiwa kuja kwanza, lugha akaikuta dukani, kwenye basi na kwa majirani. Kwa nini lazima aijue kabla ya kufika inakosemwa?

Nilikuwa na maombi mengi nilipoanza kuandika. Yote nimeyaacha, nimebaki na hili moja: mruhusuni aje ajifunzie huku. Mpeni mwaka mmoja tu. Mwaka ukiisha, mtahinini. Akifeli, tiketi ya kumrudisha nitaikata mimi kwa fedha yangu, na nipo tayari kutia saini leo.

Nangoja jibu lako, Mheshimiwa, si la mashine. Mruhusuni aje.

Wako kwa heshima,
Mlezi wa wazee, Leicester