YAH: PLETI YA GIABOKSI ILIYOKOSA SENTA

Kwa Meneja,
Karakana ya kukereza vyuma,
Dar es Salaam.

Ndugu Meneja,

Mimi ni yule mteja wa Land Rover Series III ya kijani. Mwezi wa sita niliwaletea injini ya Toyota 3L ili mnitengenezee pleti ya kuiunganisha na giaboksi ya Land Rover. Nililipa shilingi 480,000 taslimu, zote, hata chuma hakijakatwa. Hilo ni kosa langu.

Kwa macho pleti yenu inapendeza, imepigwa msasa hadi inang'aa. Shida iko kwenye matundu. Katika mchoro niliowaachia nilionyesha pini mbili za kuelekeza, nikazizungushia wino mwekundu. Hamkuziweka. Mmetegemea bolti, na bolti kazi yake ni kukaza tu. Anayeshika senta, yaani kuweka katikati ya giaboksi sawasawa na katikati ya injini, ni pini. Tena matundu ya bolti mmeyapanua ili ziingie bila taabu, kwa hiyo pleti inakaa popote inapotaka.

Wiki ya tatu gia namba nne ikaanza kuchomoka yenyewe, na kila nikikanyaga klachi kitu kinalia. Nikashusha giaboksi, nikafunga saa ya kupimia, ile yenye mshale unaoonyesha mchezo mdogo, kwenye flaiwili, gurudumu zito la nyuma ya injini, ncha ikigusa tundu kubwa la pleti, nikazungusha injini kwa mkono taratibu. Mshale ulicheza milimita 1.1. Wanaounganisha injini namna hii kwa makini hawapendi ipite 0.13. Kile kiberingi cha mwisho wa krenki, shafti kuu ya injini, kinachoshika ncha ya shafti ya giaboksi, kimesagika. Vipande nimeviweka kwenye kopo la maziwa ya unga.

Nilipopiga simu, fundi wenu alinijibu, "Mzee, gari lenyewe limechoka." Ni la 1979, sikatai. Ila giaboksi hiyohiyo, ikiwa na injini yake ya zamani, haikuwahi kuchomoa gia.

Naomba pleti mpya, yenye pini, senta ichukuliwe ikiwa imefungwa kwenye injini, nami nikiwepo na saa yangu. Beringi na oili sili, shilingi 65,000, mlipe ninyi. Kama hamuwezi, nirudishieni fedha zangu zote ndani ya siku 14. Gari liko juu ya mawe uani kwangu. Siku hizo zikipita kimya, nitakwenda Tume ya Ushindani, inayopokea malalamiko ya walaji, na risiti, mchoro na kopo langu.

Wenu,
Mteja wa Land Rover ya kijani