Waliojeruhiwa na kiwewe watumiwe arafa kabla ya saa ya pombe

Mhariri,

Mimi ni mama mboga hapa Kayole, Nairobi. Naandika kumhusu mume wangu, na ni kwa idhini yake. Nimemsomea barua hii mwanzo hadi mwisho, na mahali pawili amenisahihisha.

Ijumaa ya tarehe 7 Agosti 1998 alikuwa tarishi katika ofisi moja karibu na ubalozi wa Marekani, siku ubalozi huo uliposhambuliwa kwa bomu. Vijana wa leo hawajui jinsi watu wengi walivyopoteza macho siku ile. Kwanza ulisikika mlio wa guruneti. Watu wa ofisi za karibu wakakimbilia madirishani kuchungulia kulikoni, na wakiwa pale pale bomu lenyewe likalipuka, vioo vikawaingia usoni. Mume wangu alikuwa ameinama, anapanga bahasha mkobani. Mwenzake aliyesimama dirishani alikuwa amemwita, "Njoo uone." Huyo mwenzake hajaona kitu tena tangu siku hiyo. Watu 213 walifariki Nairobi na 11 Dar es Salaam, ambako ubalozi wa Marekani ulilipuliwa siku hiyo hiyo. Mume wangu alishonwa shingoni, akaambiwa amepona, akarudi nyumbani.

Mwaka huu ni miaka 28. Kwenye matatu hakai kando ya dirisha, afadhali asimame safari nzima. Kazi ya ofisini ilimshinda, akajifunza kushona viatu, na kibanda chake alikiegemeza ukuta wa mawe makusudi ili asiwe na kitu nyuma yake. Mwaka 2024 vijana walipoandamana na vitoa machozi vikaanza kulia upande wa barabarani, nilifunga mboga zangu nikakimbia kumtafuta. Nilimkuta amejikunyata chini ya meza ya viatu, amefunika macho kwa viganja vyote viwili. Hakuwa amekunywa. Nataka hilo lieleweke, maana majirani walisema ni pombe.

Pombe yenyewe aliianza ili apate usingizi. Kabla ya bomu, alionja kwenye harusi tu. Baadaye ikawa robo moja kabla ya kulala, kisha mzinga, na pesa zilipokosekana, chang'aa. Inamlaza kweli, lakini ikianza kumtoka mwilini alfajiri, zile ndoto humrudia kwa nguvu zaidi. Mimi huamka saa kumi usiku kwenda soko la Marikiti kununua mboga, kwa hivyo namwona saa hiyo akiwa ameketi kitandani, fulana imelowa jasho. Asubuhi mikono humtetemeka hata asiweze kutia uzi kwenye sindano mpaka aonje kidogo.

Tulipotafuta msaada tulirushwa huku na huku. Hospitali moja ilitwambia aache pombe kwanza, ndipo ashughulikiwe hizo ndoto. Mahali pengine panaposaidia walevi akaambiwa habari za bomu aziweke kando, hapo ni pa kuzungumzia pombe. Sasa mtu huyu nani amgawe? Nimekuja kuelezwa kwamba siku hizi wataalamu wanajua magonjwa haya mawili yanaweza kutibiwa pamoja, na mshauri mmoja. Kwa miaka yote hiyo hakuna aliyetwambia.

Aliyemfikia ni muuguzi wa zahanati ndogo, miaka miwili iliyopita. Mume wangu alikuwa amejichoma kidole gumba na sindano ya viatu, jeraha likafura. Yule dada alipomaliza kulifunga alimuuliza maswali kumi kuhusu unywaji wake, kwa sauti ya chini, kama mtu anayeuliza bei. Kisha akamuuliza analalaje. Mwisho akaomba namba ya simu, na akauliza ni siku gani na saa ngapi huwa vigumu kwake. Mume wangu akasema Jumanne na Ijumaa jioni, akifunga kibanda, kwa sababu njia ya kuja nyumbani inapita mlangoni mwa wauzaji wa pombe.

Kuanzia wiki hiyo, kila Jumanne na Ijumaa saa kumi na mbili jioni, arafa iliingia kwenye simu yake ya kabambe: "Habari ya jioni mzee. Sawa ama shida?" Hakuna kingine. Hakuhubiriwa, wala hakuambiwa pombe itamuua. Wiki tatu hakujibu. Ya nne akajibu "Sawa". Akaendelea na "Sawa" zake, nyingine za uongo, mimi najua. Halafu Ijumaa moja akaandika "Shida sista", na kabla hajafunga kufuli la kibanda simu ikalia. Waliongea dakika 11. Niliziona kwenye simu usiku ule. Alifika nyumbani na pakiti ya maziwa mkononi.

Sisemi kila Ijumaa ilikuwa hivyo. Kuna Ijumaa alipita mlangoni mwa wauzaji na kuna Ijumaa aliingia. Lakini alipunguza, na aliporudi zahanati kwa hiari yake, yule dada alimwonya asikate pombe ghafla, kwa kuwa mtu aliyeizoea hivyo anaweza kupatwa na kifafa na hata kufa; apunguze akiwa chini ya uangalizi, na apewe dawa. Mimi nilikuwa karibu miaka ishirini nikimwomba aache leo leo. Niliogopa sana niliposikia hivyo. Wiki nne mfululizo hakugusa kitu, na katika wiki hizo alimsimulia mjukuu wetu, kwa mara ya kwanza, alikotoka na kovu la shingoni.

Kisha muuguzi alihamishwa. Arafa zile alikuwa akizituma kwa kredo yake mwenyewe, kwa moyo wake, wala simlaumu hata kidogo. Ijumaa ya kwanza bila arafa mume wangu alikaa na simu mapajani hadi saa mbili usiku. Ijumaa iliyofuata alirudi akiwa amebebwa na watu wawili.

Nilijaribu kumtumia mimi, maneno yale yale, saa ile ile. Hakujibu. Nilipomuuliza akasema, "Wewe nikikuambia shida, nimekuongezea mzigo juu ya magunia yako. Sista ni kazi yake kuubeba." Nikaelewa.

Jambo hili yule dada hakulizua. Alitueleza kwamba mwaka 2007 na 2008 watafiti walilijaribu papa hapa Kenya, Pumwani na Kajiado zikiwemo, kwa watu walioanza dawa za ukimwi. Nusu yao walitumiwa arafa ya neno moja kila wiki: "Mambo?" Nao walijibu "Sawa" au "Shida" ndani ya saa 48. Aliyesema shida, au aliyenyamaza, alipigiwa na muuguzi. Walikuwa watu 538, na matokeo yalichapishwa mwaka 2010: waliotumiwa arafa, asilimia 62 walimeza dawa zao ipasavyo, wasiotumiwa asilimia 50. (Kumwambia mzee "Mambo" yule dada aliona si heshima, ndiyo akaibadilisha.)

Najua kumeza dawa si sawa na kuacha pombe, wala arafa haiondoi vioo kichwani mwa mtu. Mume wangu bado anamhitaji mshauri wa kuketi naye. Lakini arafa ile ilimrudisha zahanati kwa hiari yake, na jambo jingine lililonipendeza ni kwamba mtu yeyote akiishika simu yake anaona salamu tu. Nyumbani kwetu simu inashikwa na watoto, wajukuu, hata wateja wa viatu. Ingekuwa imeandikwa pombe au ugonjwa wa akili angeifuta namba hiyo siku ya kwanza.

NACADA, mamlaka ya serikali ya kupambana na pombe na dawa za kulevya, wana namba ya bure, 1192, na naomba kila anayeihitaji aipige. Mume wangu hajawahi kuipiga. Mtu wa aina yake saa kumi na mbili jioni hana nguvu ya kutafuta namba na kuanza kujieleza kwa asiyemjua. Kujibu neno moja anaweza.

Mwaka 2023 serikali ilizindua wahudumu wa afya ya jamii wapatao 100,000, wakapewa na simu za kazi. Wengine tunawaona mitaani kila wiki wakipima presha. Naomba Wizara ya Afya, NACADA na serikali za kaunti zitumie mtandao huo: arafa itoke kwenye namba ya huduma, isiwe ya muuguzi mmoja anayeweza kuhamishwa kesho, itumwe saa aliyoichagua mgonjwa mwenyewe, anayejibu "Shida" apigiwe jioni hiyo hiyo na mtu aliyefunzwa kiwewe na pombe vyote viwili, anayejua pia ni nani wa kupelekwa hospitali haraka. Kampuni za simu nazo zisitoze majibu, maana kabambe nyingi jioni hazina hata shilingi.

Tarehe 7 Agosti mwaka huu wa 2026 inaangukia Ijumaa, kama mwaka ule. Mume wangu ameshaiona kwenye kalenda na hajasema kitu. Siku hiyo sitaenda Marikiti. Nitakaa naye kibandani saa nne u nusu ikipita, na jioni nitafunga naye kufuli. Ikiwezekana kuwe na mtu wa kumwandikia saa kumi na mbili.

Mama mboga,
Kayole, Nairobi