Sheria ilinde uwindaji, isizibe midomo

Mhariri,

Naandika kuhusu sheria za Marekani zinazokataza kuwabughudhi wawindaji wenye kibali kwenye ardhi ya umma. Majimbo yote 50 yanazo, na nia yake naielewa: anayepuliza honi ili kulungu atimke, au anayesimama mbele ya bunduki, anahatarisha maisha, yake kwanza.

Lakini jimbo la Wisconsin lilivuka mpaka lilipofanya kosa hata kumkaribia mwindaji mara kwa mara na kumpiga picha. Mwaka 2023 mahakama ya rufaa ya shirikisho ilikitengua kifungu hicho, na ilifanya vyema. Anayepinga uwindaji, tuseme wa mbwa mwitu, naye ni mmoja wa wenye ardhi hiyo ya umma. Mabunge ya majimbo yapitie upya sheria zao: yaadhibu kumfukuza mnyama au kumzuia mwindaji, kamera yaiache.

Msomaji wako